Ncha za Nyota Hazikutani Tena

Saumu mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa mtaa wa Kwa Mathias, na kusukwa kwako ni kazi ya kutwa, basi nimepata nafasi. Usishangae kwamba nakuandikia barua na tuko nyumba moja, na kesho alfajiri ndipo unapanda basi la Mpanda kwenda kuanza kazi. Kwa mdomo siku hizi napotea katikati. Naanza neno, nafika mahali, sijui nilikuwa naelekea wapi, na wewe unaniokotea neno lililodondoka unanipa, taratibu, kana kwamba hujaona. Kwenye karatasi nikipotea narudi juu, nasoma nilipofikia, naendelea.

Ya chandarua na kuchemsha maji sikuandikii. Muuguzi ni wewe.

Naanza na jambo ambalo hukuniuliza kwa sababu ya heshima. Hakuna blanketi. Binti wa kaka yangu alipoolewa aliondoka na blanketi la vipande kutoka mkononi mwangu. Watoto wa majirani walioanza vyuo, hali kadhalika. Hata yule dada aliyepanga chumba cha uani, ambaye hata jina lake sasa silipati, nilimshonea. Wewe mwanangu wa kuzaa unaondoka na blanketi la dukani, la manyoya, lenye picha ya chui. Nilijaribu, Saumu. Ulikuwa ukisikia cherehani inalia chumbani kisha inanyamaza, inalia, inanyamaza. Kunyamaza kule nilikuwa nafumua.

Nataka nikwambie habari ya mama yako mdogo Roda, kwa sababu hukuwahi kuijua vizuri. Uliniuliza mbona haji tena, nikakwambia miguu inamsumbua na barabara ya kwao Maneromango mvua ikinyesha haipitiki. Miguu ni kweli inamsumbua. Sababu lakini haikuwa hiyo.

Roda nilimpata pale Maili Moja, wewe ukiwa bado unanyonya. Mimi nilikuwa fundi wa kawaida, sare za shule na magauni ya mwambao. Akaja mwanamke mwembamba na kikapu, anapita kwa mafundi akiomba makombo ya vitenge yanayobaki chini ya meza. Nikadhani anajazia mito. Nikamuuliza, "Dada, haya ya nini?" Akafungua kikapu akatandaza mezani kwangu nyota moja, kubwa kama sinia, ya makombo matupu, na ncha zake zote zinakutana katikati pasipo hata uzi kuzidi. Alijifunza kwa mama yake, na mama yake alijifunza ujanani kwa kina mama wa misheni kule kwao. Sikuwahi kuona mshono umetulia namna ile. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa, na hatukuachana mpaka mimi nilipomfukuza.

Kukata kulikuwa kwake, kushona kwangu. Wewe ulilelewa mgongoni mwa yeyote kati yetu ambaye mikono yake ilikuwa haina kitu. Yeye alikuwa akiimba nyimbo za kanisani, mimi nikifika wakati wa kuswali nasimamisha cherehani, naye ananyamaza mpaka nimalize, kisha anaendelea pale pale alipoachia ubeti.

Nitakueleza kazi yenyewe, maana hukuipenda na kosa ni langu, nitalifikia. Nyota ile ina ncha nane. Vipande vyake vinakatwa kwa mshazari, na kitambaa cha mshazari ukikivuta kidogo tu kinarefuka, hakirudi tena kama kilivyokuwa. Kwa hiyo huvuti, unakiacha kiende chenyewe. Ukishaunga viwili viwili, mshono wa huku unaupiga pasi ulale kulia, wa kule ulale kushoto, ili ukivipandanisha ile mishono miwili iingiliane. Unapapasa kwa kidole gumba mpaka usikie vimekaa. Kuna kugota fulani, kidogo tu. Hapo hapo unachoma pini, imesimama wima, ndipo unashona. Mgeni wa kazi hii anaanza kushona ukingoni akitumaini huko mbele vitakutana. Havikutani. Unaanza na pale panapokutana, ukingo utajijua. Na nje kwenye ncha unabakiza nafasi kidogo, usipobakiza, mshono unaofuata unaila ncha, nyota inabaki butu. Tulikuwa tukisema "imeliwa". Roda akiona nyota ya mtu imeliwa alikuwa akigeuza uso kama aliyeona mtu yuko uchi.

Nilikuwa nayafanya yote haya huku napiga soga na wateja. Kidole gumba kilikuwa kinajua chenyewe.

Kisha mama mmoja, mfanyakazi wa ofisini, akatuletea kazi ya binti yake anayeolewa. Blanketi kubwa, nyota tupu. Nyota ya kwanza nikaishona, katikati pakafura kama jipu. Nikafumua. Nikashona tena, safari hii pakaacha tundu. Nikalaumu uzi. Nikalaumu kitenge kwamba hakikufuliwa kabla na kimesinyaa. Nikaipeleka cherehani kwa fundi wake, akaifungua, akaipaka mafuta, akanirudishia, "Mama Saumu, hii ni nzima kuliko mimi." Nikarudi nikashona nyota nyingine, ncha zote zimeliwa.

Roda alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anakata. Nikamwambia, "Vipande vyako haviko sawa."

"Haviko sawa vipi?"

"Vingine virefu. Njoo uone hapa katikati."

Hakubishana. Akachukua vile ambavyo sijashona, akavipanga kimoja juu ya kingine, akavigonga mezani kama mtu anayeweka karata sawa. Vilikuwa sawasawa, ungedhani ni kipande kimoja kinene. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo.

Nikasema, "Hivi sivyo vile. Umevibadilisha."

"Nimevibadilisha saa ngapi, Pili?"

"Unajua mwenyewe. Unataka wateja waone mimi ndiye naharibu, halafu ukafungue kwako."

Alinitazama. Nadhani aliogopa, lakini mimi nikaona ni hatia. Nikaendelea. Nikamtajia umaskini aliokuja nao na kikapu chake. Nikaingiza na dini yake, maneno ambayo siyaandiki hapa, na ambayo sikujua kama nilikuwa nayo kifuani. Mafundi wa jirani walisimamisha mashine. Roda alifunga mkasi wake kwenye kitambaa, akasimama, akasema polepole, "Naondoka, Pili. Lakini cherehani umeshaipeleka kwa fundi ikaonekana nzima. Sasa nenda na wewe ukapimwe."

Nililichukua lile kuwa tusi. Nikalala nalo, nikaamka nalo, nikalitumia kama kuni za kuchochea hasira yangu kila ilipotaka kuzimika. Kumbe alikuwa ameona kabla yako, na kabla yangu, kwa sababu ndiye aliyeijua mishono yangu.

Yaliyofuata unayajua. Asubuhi ile ulinikuta mbele ya mashine na vipande viwili mkononi, navigeuzageuza, sijui upi ni ukingo wa kuungwa na upi wa nje. Uliniuliza, "Mama, umeanza saa ngapi?" nami sikukumbuka. Ulinipeleka hospitali mjini. Yule daktari, kijana mpole, akanipa karatasi akasema nichore saa ya ukutani. Nikacheka moyoni. Mimi, niliyegawa duara kwa jicho maisha yangu yote! Nikachora. Nilipoinua macho nikaona uso wako, ndipo nikaitazama saa yenyewe. Namba zote nilikuwa nimezirundika upande mmoja, huku upande wa pili ni mweupe.

Daktari alisema, "Mama, ugonjwa huu unakwenda mbele. Haurudi nyuma. Dawa zinaweza kupunguza mwendo, kidogo." Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Wewe ulikuwa umeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Basi nikaona kuna jambo la kuwahi. Kosa langu kwa Roda nilikuwa bado nalikumbuka, neno kwa neno, na niliogopa kulisahau kabla sijaliombea radhi. Mtu akisahau deni la namna hiyo si kwamba limelipwa. Ulipokwenda Dar kuhakiki vyeti vyako ndipo niliposafiri kwenda kwake. Nikafika Kisarawe kwa mjomba wako Shabani, naye akanipandisha bodaboda ya kijana anayemwamini, akamwambia asiniache njiani na anirudishe yeye mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulisukuma pikipiki kwenye matope, na njia nzima nilikuwa narudia maneno yangu kimoyomoyo kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya mwalimu.

Roda alikuwa barazani anamenya mihogo, na mkwewe kando yake. Nikapiga hodi. Akasimama, akanikaribisha, akaniwekea mkeka. Sikutaka hata maji. Nikasema yote. Nikasema vipande vyake vilikuwa sawa na mimi ndiye niliyekuwa siko sawa. Nikasema na lile la dini. Nikamwambia daktari amesema nini. Nilikuwa nalia, naye alikuwa anatazama mihogo iliyomo kwenye karai.

Yule mkwe akashindwa kujizuia. Hakuwa na ubaya, ni mshangao tu. Akasema, "Mama, si alikuja huyu siku ile na mchele?"

Roda akamwambia, "Nenda kachote maji."

Nikauliza, "Siku gani?"

Akajaribu kunizungusha. Nikamshika mkono nikamwambia, "Roda, usinifanye mtoto. Siku gani?"

Ndipo akaniambia. Nilishakuja, mwezi uliotangulia, ulipokuwa kwenye usaili. Nilikaa pale pale barazani, nikasema maneno haya haya. Nililala kwake. Mimi nikamkatalia, nikasema anachanganya na mtu mwingine. Akaingia ndani akatoka na kanga yangu, ile ya zambarau ambayo mimi na wewe tuliitafuta mpaka ukadhani imeibwa kwenye kamba. Imefuliwa, imekunjwa.

Saumu, nilipoambiwa na daktari sikuogopa kama nilivyoogopa kuiona kanga ile.

Nikamuuliza, "Siku ile ulinisamehe?"

Roda hajui kupaka maneno asali. Akasema, "Siku ile ilikuwa ngumu. Nilikusema, Pili. Nilitoa yote. Jinsi nilivyotembea kutoka Maili Moja siwezi hata kusimama kituoni kwa aibu. Nilivyokosa kazi. Nilivyokuchukia. Ulinisikiliza mpaka mwisho, hukujitetea. Tukalia sote. Usiku tukalala kitanda kimoja tukazungumza mambo ya zamani, mpaka tukacheka. Asubuhi ulinishika miguu ukaniambia umetua mzigo."

"Na leo?"

"Leo sina la kukusema tena. Lilishakwisha."

Wanasema kusameheana kunaponya, na naamini siku ile tuliponya kitu. Lakini mimi sinacho. Usiku ule mzuri kuliko yote niliyokaa na rafiki yangu anao Roda peke yake. Mimi nilibaki na kosa zima, bichi, na msamaha sina, ila kwa kusimuliwa kama habari ya watu wengine. Na nikirudi tena mara ya tatu nitakuta hivyo hivyo, na yeye atakaa tena asikilize. Nilimwona alivyochoka.

Alasiri alitoa vipande viwili vya nyota, akanipa na pini. "Hebu," akasema. Nikapapasa kwa kidole gumba, nikasikia kule kugota. Nikachoma pini, nikashona kwa mkono, nikafungua: ncha zimekutana! Nilifurahi nikapiga makofi. Akanipa vingine. Nikavishika. Mwanangu, sikujua nimefanya nini sasa hivi. Kidole kilikuwa kinapapasa tu, kitambaa juu ya kitambaa, na hakuna kilichoniambia kitu. Roda aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka bodaboda ilipokuja kunichukua.

Sasa lile la kwako. Nimesoma nilipofikia juu, niliahidi kulifikia.

Ulikuwa darasa la tano au la sita. Ulinishonea foronya ya viraka, kwa siri, kwa sindano ya mkono, ukaniletea siku ya Idi mbele ya shangazi zako. Ncha hazikukutana hata moja. Wangapi wanapata zawadi kama ile? Mimi nikaigeuza ndani nje, nikatafuta mkasi, nikaanza kuifumua pale pale huku nakufundisha, "Hapa ulivuta, hapa hukupiga pasi." Shangazi yako akasema, "Wifi, acha mtoto." Sikuacha. Ulisimama ukaniangalia mpaka nikamaliza kufumua, ukaniambia, "Asante mama," na hukugusa tena sindano nyumbani kwangu. Miaka yote nikawaambia watu, eti Saumu hana mkono wa kushona. Kumbe ulipoingia uuguzi walikusifia kwa kushona vidonda. Siku moja nikakutania kuhusu hilo, ukanijibu, "Mama, ngozi ya mtu haijakatwa na rula, unakutanisha kilichopo." Ulisema kwa upole. Mimi nilijua neno hilo lilikotoka.

Nilidhani kinachoshikilia kitu ni usahihi. Ndiyo maana nilipokosea sikuweza kuona kwamba ni mimi. Aliyejijenga juu ya kutokukosea hana pa kukaa siku akikosea, lazima atafute wa kumlaumu. Nilifumua foronya yako, nikamfumua Roda. Nakuomba radhi kwa foronya. Kama nilishakuomba kabla ya leo, basi usiniambie. Ipokee kama ya kwanza.

Na wiki hii uliniambia neno. Bado ninalo, leo ninalo, ndiyo maana naharakisha. Ulisema hutaripoti kazini, utakaa na mimi. Nikakataa. Ukalia ukasema, "Mama, unaniambia niende ili nisione." Sikukujibu. Jibu ni ndiyo. Kazi umeisubiri miaka, ukiiacha hawakupi tena, hilo ni kweli na ndilo nililolisema kwa sauti. Lakini la ndani ni hilo lako. Sitaki uwe pale siku nitakapokushutumu kwamba umebadilisha vipande. Najua mdomo wangu una nini chini, nilikisikia siku ile Maili Moja. Roda alikuwa mtu mzima, alikuwa na kwao pa kurudi. Wewe kwenu ni mimi.

Sikupi matumaini ambayo sina. Mwisho wa mwezi chumba hiki na kile cha kazini vinarudi kwa wenyewe, Shabani atakuja kunichukua Kisarawe. Cherehani nimeshampa mkwe wa Roda. Ukija likizo hutakuta nyumba hii, na mwanamke utakayemkuta kule kwa mjomba wako atakuwa na sura yangu tu. Usikae Mpanda ukihesabu siku za kurudi kwangu. Sidhani kama utanikuta. Ishi huko kama mtu aliyehamia. Ukipata mtu wa kukaa naye, na akakosea, muulize kwanza kama anaumwa.

Ombi langu ni moja. Ukipiga simu, au ukija, usiniulize lile swali wanaloulizwa wazee wagonjwa: "Mama, unanijua mimi ni nani?" Nimemwona jirani wa Shabani akiulizwa hivyo mbele ya wageni, akatabasamu huku macho yanatafuta mlango. Usinipime, mwanangu. Sema tu, "Mama, ni Saumu." Nami nitaitika. Siku nyingine nitaitika kwa kuwa nimekujua, na siku nyingine nitaitika kwa sababu nimeitwa mama, basi. Hutaweza kuzitofautisha siku hizo, na mimi pia sitaweza. Pokea hivyo hivyo.

Mama yako,
Pili